Shati Lisilo na Mgongo

Februari ya mwaka wa hamsini na nane, jua la Nakuru halikuwa na adabu. Ziwa lilikuwa limekauka pembeni, na kila adhuhuri upepo ulizoa vumbi jeupe la magadi ukaja nalo mjini, ukalimwaga juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, na ndani ya vikombe vya kahawa vya watu waliokuwa wakijisemea mambo yao. Pale mtaa wa Bondeni, mkabala na mahali liliposimama basi la Marigat, palikuwa na benchi la taruma la reli lililolazwa juu ya mawe mawili. Asubuhi benchi lilikaa kivulini mwa duka. Jua likipanda, kivuli kilivuka barabara kikaenda kupumzika kwa fundi viatu. Benchi halikuvuka, wala waliolikalia. Sheria ya hapo ilikuwa moja tu: kijiwe hakifuati kivuli. Anayeinuka amepoteza kiti, na aliyepoteza kiti ameshindwa hoja.

Siku hiyo Kosgei alikaa mwisho wa benchi, upande wa basi, amefunga kabuti lake hadi shingoni. Lilikuwa kabuti zito la jeshi, refu hadi kwenye mashavu ya miguu, vifungo vya shaba vimesuguliwa vikang'aa. Kwao Kuresoi, ambako asubuhi unakuta barafu kwenye majani ya viazi, kabuti kama hilo ni mali. Huku Nakuru alilinda ghala la sufu usiku akiwa amevaa kabuti hilo, na mchana watu wa kijiweni wakamwita Kabuti, nalo jina likamkaa vizuri.

Lakini leo halikuwa suala la jina. Leo mama mkwe wake alikuwa anakuja, kwa mara ya kwanza. Mkewe, Cheptoo, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na ujumbe ulikuwa umetoka Marigat ukiwa mfupi: nakuja nione binti yangu ameolewa na mtu, au na maneno. Nisipopaona pazuri, narudi naye, yeye na mtoto, mpaka mtoto ajue kutembea. Kosgei alikuwa amempakata mtoto yule jioni zote tangu azaliwe. Wazo la chumba kisicho na mtoto lilimuuma kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Na chini ya kabuti kulikuwa na siri. Shati lake jeupe, la pekee, lilikuwa na kola safi, vifungo vyote na kifua kilichopigwa pasi. Mgongo halikuwa nao. Cheptoo alikosa vitambaa vya mtoto, naye Kosgei mwenyewe ndiye aliyempa mkasi. "Kata," alimwambia, "mgongo wangu nani anauangalia?" Sasa aliketi juani akiwaza kwamba mama mkwe ana macho mbele na nyuma. Alikuwa ametoka lindo asubuhi bila kulala, na maji hakunywa, kwa kuogopa kwenda msalani basi likaja akiwa huko.

— Kabuti, unanyesha, alisema Joash.

Joash aliitwa Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake ilitoka hapo hapo, bila kupumzika.

— Ni jasho tu, alisema Kosgei.

— Jasho tu inaishia kwa shingo. Hii yako inaingia kwa kiatu.

— Mpe kahawa, alisema Masinde. Dawa ya moto ni moto.

Masinde alikuwa amewahi kufagia wodi ya hospitali fulani, na tangu siku zile hakuna ugonjwa uliomshinda kuutaja. Walimwita Wodi.

Zeddy, muuza kahawa, hakuhitaji kusihiwa. Alimimina kikombe cheusi chenye tangawizi ya kukwangua koo, akakitia mkononi mwa Kosgei. Kosgei akanywa. Kahawa ilishuka tumboni ikakuta joto lenzake, na kichwa kikaanza kumgonga kwenye kisogo, taratibu, kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango.

— Si ungefungua hata kifungo moja, alisema Zeddy.

— Hapana. Kitu inazuia baridi, inazuia na joto. Hii kabuti ni kama nyumba. Ukiwa na nyumba, unatoka nje kufanya nini?

Benchi lote likaguna kwa kukubali. Kosgei mwenyewe alisikia maneno yake yakipendeza, akasikitika kwamba hayakuwa ya kweli.

— Lakini mnasema jua, jua, na hamjui jua inaingia mtu kwa njia gani, alisema Peterson.

Peterson alikuwa amepika miaka mingi kwa mzungu mmoja wa upande wa Njoro. Mzungu aliporudi kwao alimwachia helmeti, ile kofia ngumu ya kizungu nyepesi kama boga kavu, na Peterson hakuivua hata kanisani mpaka mchungaji aseme. Ndiyo maana aliitwa Bwana Kofia.

— Inaingia kwa ngozi, alisema Redio.

— Ngozi ni mlango ya mbu. Jua inaingia kwa uti wa mgongo. Mimi nimeona kwa macho yangu. Memsahib, bibi ya yule mzungu, alikuwa na kitambaa nyekundu, imeshonewa ndani ya nguo, hapa nyuma, kutoka shingo mpaka kiuno. Akisahau hiyo kitambaa, hapana toka nje. Mgongo wazi, masaa mbili, mtu anakuwa mwendawazimu.

Kosgei alihisi mgongo wake, ulio uchi chini ya sufu, ukimwashawasha wote kwa pamoja. Akainua kola ya kabuti.

— Na sisi tunaolima shamba bila shati? aliuliza Zeddy.

— Nyinyi uti yenu imezoea. Mazoea ina taabu.

Walikaa wakilitafakari hilo. Fundi viatu, ng'ambo ya barabara, alikuwa amejinyoosha kivulini na mtungi wa maji kando yake, akiwatazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Hakuna aliyemwangalia, kwa sababu kumwangalia kungekuwa mwanzo wa kushindwa.

— Basi niwape habari, alisema Redio. Hii jua si ile ya zamani. Mnajua ile kitu Warusi walirusha juu mwaka jana? Ile inazunguka ikilia pi, pi, pi?

— Ilianguka, alisema Masinde.

— Ilianguka, ndiyo. Lakini ilipitia wapi ikienda juu? Ilitoboa. Sasa iko tundu huko juu. Na hiyo tundu iko sawasawa na Nakuru.

— Kwa nini Nakuru? Si Eldoret?

— Eldoret iko juu sana, wangeonekana. Hapa ni chini, watu wamelala. Na Mrusi akitoboa, nani ataziba? Chovya chovya yamaliza buyu la asali.

— Hiyo methali imeingiaje?

— Imeingia kwa tundu.

Walicheka, na Kosgei alitaka kucheka pia, ila mguu wa kulia ulimkaza ghafla kwenye shavu la nyuma, ukawa mgumu kama kigogo. Akaushika kwa mikono miwili. Benchi lote likaona.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Peterson kwa upole.

— Mkuu gani? aliuliza Redio. Nani alimwambia kitu?

— Mimi. Nilimwambia juu ya uti.

Masinde aliinama akamtazama Kosgei usoni kwa muda, akamgusa paji, akamfungua jicho kwa kidole gumba. Alipenda sana sehemu hii ya kazi.

— Kichwa inauma?

— Kidogo.

— Tumbo inapanda?

— Inataka.

— Dunia inazunguka?

— Inazunguka, lakini polepole.

— Malaria, alisema Masinde. Imetoka kwa ziwa. Wale ndege nyekundu wanakula matope na homa ndani yake, wakiruka wanamwaga juu ya watu. Kwa wodi tulikuwa tunaita homa ya heroe.

— Nani alikuwa anaita? aliuliza Zeddy.

— Sisi tulikuwa tunafagia. Sasa hii homa inataka kutoka na jasho. Jasho ikikauka kabla homa imetoka, imefungiwa ndani, mtu amekwisha. Lazima afunikwe. Zeddy, iko gunia?

Yalikuwepo magunia ya makaa nyuma ya duka. Moja likaja mabegani mwa Kosgei, la pili magotini, na Peterson, kwa ajili ya uti, akasisitiza la tatu liende mgongoni. Kosgei hakukataa. Kukataa kulihitaji maneno, na maneno yalikuwa yameanza kumponyoka. Aliona haya kidogo kwamba marafiki zake wanahangaika hivi kwa ajili yake, na aliwapenda, na alitamani waende zao. Kitu kimoja tu alikishika kwa nguvu zote: kifungo cha juu cha kabuti. Mama mkwe akija, kifungo kiwe kimefungwa.

Halafu jasho lilikoma. Alishangaa, ngozi ikawa kavu na ya moto kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Mkokoteni mmoja wa hamali ulipita barabarani umebeba viazi, naye Kosgei akaona si mkokoteni, ni motokaa ya afisa. Akasimama na magunia yake, akagonga visigino, akapiga saluti ya kupendeza mno.

— Tayari, effendi, alisema. Watu wote wako, ila mgongo haupo.

Hamali akamrudishia saluti kwa adabu akaendelea na viazi vyake.

— Imepanda kwa kichwa, alisema Redio, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kuifurahia habari.

— Ongeza gunia, alisema Masinde, ila sauti yake ilikuwa imepungua.

Wakamkalisha. Wakamfunika mpaka ikabaki pua. Ndani ya giza lile lenye harufu ya makaa, Kosgei aliwasikia heroe wakipiga kwata kando ya ziwa, kushoto, kulia, na kila mmoja alikuwa amevaa shati jeupe zima. Mbali sana alisikia honi ya basi.

Basi la Marigat lilisimama katika wingu la vumbi. Kuku walishuka, mzinga wa asali ukashuka, na mwishoni akashuka mama mmoja mrefu, mkavu, amejifunga shuka jepesi, na kibuyu cha maziwa kikining'inia begani. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akawajia watu wa benchi.

— Hamjambo wazee.

— Hatujambo, mama.

— Natafuta nyumba ya mtu wa Kuresoi. Askari ya stoo ya sufu. Jina yake Kosgei.

Masinde, Peterson, Joash na Zeddy wakanyoosha vidole kwa pamoja kwenye rundo la magunia.

Mama akalitazama rundo. Rundo likakohoa.

— Iko chini ya hii?

— Ndiyo, mama.

— Amefanya nini?

— Ni malaria ya heroe, alisema Masinde.

— Ni uti wa mgongo, alisema Peterson.

— Ni Warusi, alisema Redio, ila kwa sauti ndogo.

Mama aliwasikiliza wote mpaka mwisho, kama anayesikiliza watoto wakieleza chungu kilivyovunjika. Akainua ncha ya gunia kwa fimbo yake, akaona uso uliokauka na vifungo vya shaba.

— Na hii koti? aliuliza. Imeshonewa kwa mwili?

Masinde alimtazama Peterson. Peterson alitazama ndani ya kikombe. Asubuhi nzima walikuwa wamelizungumzia jua mpaka wakafika kwa Warusi, na katika safari ndefu yote hiyo hakuna aliyepitia kwenye vifungo.

— Huko kwetu Marigat jua inapika mawe, alisema mama. Mbuzi akihema, tunampeleka kwa kivuli. Hatumvalishi gunia. Haya, mbebeni. Pale kwa mtu ya viatu. Haraka.

— Mama, kijiwe hakifuati kivuli, alisema Redio. Ni sheria.

Mama alimtazama tu. Redio akashika mguu wa kushoto, Masinde wa kulia, wengine mabega, na sheria ya kijiwe ikavuka barabara ikiwa imebebwa mzegamzega.

Kivulini walianza na magunia. Walipofika kwenye kabuti, Kosgei alifumbua macho. Sauti ile ya Marigat ilikuwa imempenya. Hakujua yuko wapi wala ni siku gani, lakini alijua ni nani amesimama pale, na mkono wake ukaruka kwenye kifungo cha juu ukakishika. Mtu havuliwi nguo mbele ya mama mkwe. Hilo hata heroe wanalijua.

— Hapana, alisema. Heshima.

Mama alielewa mara moja. Akasogea mbali kidogo, akageuka, akawapa mgongo wote, uso ukitazama barabara.

— Mwambieni huyo mtu, alisema, heshima ya maiti mimi siitaki. Avuliwe.

— Kabuti, anasema heshima ya maiti hataki, alitangaza Redio.

— Nimesikia, alinong'ona Kosgei, na vidole vikaachia.

Kabuti likatoka kwa shida kama gome la mti. Likatoka shati la mbele, kola na kifua, na nyuma yake mgongo mtupu wa Kosgei ukiwaka. Wanaume wakaona. Zeddy akafungua kinywa, akakifunga. Mara nyingine hata kijiwe kina adabu.

— Maji, alisema mama bila kugeuka. Kichwa, shingo, makwapa, mgongo. Nyingi.

Mtungi wa fundi viatu ukaisha. Zeddy akakimbia akaleta debe lake la maji ya kupikia kahawa, akalitazama mara moja kwa uchungu, akalitoa. Hapakuwa na kata ya kuchotea. Macho yote yakaenda kichwani kwa Peterson.

— Hapana, alisema Peterson. Hii ni ya kuzuia jua.

— Basi izuie, alisema Masinde.

Peterson akavua helmeti, akaichovya ndani ya debe, na kwa mkono wake mwenyewe akammiminia Kosgei utosini. Maji yakashuka mgongoni yote, bila kitambaa cha kuyazuia. Masinde alishika gunia tupu akampepea nalo, kwa bidii ya mtu anayelipa kosa ambalo hajaulizwa.

— Akijua jina yake, apewe ya kunywa, alisema mama. Kidogo kidogo, na chumvi kidogo sana ndani. Kama hawezi kushika kikombe mwenyewe, msimmiminie, ataingia maji kwa kifua.

Ikachukua muda. Watu wa basi walikusanyika, wakachoka, wakaenda zao. Pumzi ya Kosgei ikatua. Ngozi ikapoa. Mwishowe alimtazama Redio kwa macho ya mtu aliyerudi safari.

— Joash, alisema. Basi imefika?

— Imefika.

— Ameshuka?

— Ameshuka.

— Ameniona?

Redio akajitahidi. Mtu asiseme Redio hakujitahidi. Alitazama juu kwenye tundu la Warusi, akauma mdomo. Halafu habari ikatoka.

— Mama, shati ya huyu haina mgongo.

Fundi viatu aliacha kugonga nyundo. Kosgei alifumba macho. Aliona chumba chake usiku wa leo, kitanda kimoja, kamba ya vitambaa ikiwa tupu, na machozi yakamlenga, naye akamshukuru Mungu kwamba uso ulikuwa umeshalowa.

Mama alipozungumza, sauti yake ilikuwa na hofu ambayo haikuwemo mwanzoni.

— Na mtoto? Kama baba yake anavaa hivi kwa jua hii, mtoto mmemfunika na nini? Hiyo nyumba si ya mabati?

Benchi, ambalo lilikuwa na jibu la kila kitu chini ya mbingu na la tundu lililo juu yake, likamgeukia Kosgei. Masinde aliacha kupepea.

Kosgei akajiinua kwa kiwiko.

— Mwambieni mama, alisema polepole, blanketi alikataa. Alilia sana, tukaitoa. Mlango tunaacha wazi. Amevaa mgongo wa hii shati. Hana nguo ingine.

Redio, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakurudia habari. Haikuhitajika.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Wanaume walitazamana kwa huzuni, wakidhani analia, na Zeddy akawa anatafuta neno la kumfariji. Kumbe mama alikuwa anacheka, kicheko cha chini kwa chini, mkono mdomoni, kibuyu kikigonga kiuno chake.

— Basi kwa hiyo nyumba iko mtu mmoja ana akili, alisema, na bado hana meno.

Zeddy akaona nafasi yake.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, na methali ikakaa mahali pake pasipo mtu kuisukuma.

Wakamwita yule hamali wa viazi, aliyekuwa akirudi na mkokoteni mtupu. Kosgei akalazwa juu yake, miguu imeinuliwa juu ya gunia. Mama, alipopewa na Redio habari ya saluti, alitaka wapitie kwanza dispensari, dresa, yule mhudumu wa tiba, amtazame, kwa kuwa mtu aliyepigia viazi saluti haachwi hivi hivi. Masinde na Peterson walishika kabuti pande mbili wakalitandaza juu yake kama paa, na ndipo Kosgei alipojua kwamba maneno yake ya asubuhi yalikuwa na ukweli kidogo. Lilikuwa nyumba kweli, ilimradi ukae chini yake na si ndani yake.

— Kahawa je? aliuliza Redio, akitazama nyuma kwenye benchi tupu linalochomwa na jua.

— Umeiona ikimwagwa juu ya kichwa yake, alisema Zeddy. Sukuma.

Mama alitangulia mbele na fimbo yake, hakugeuka nyuma hata mara moja, kama inavyotakiwa. Alipofika kwenye kona alisimama.

— Mwambieni mkwe wangu, alisema, kesho avae kama mtoto wake.

Redio akavuta pumzi ya kutangaza, lakini Kosgei alimshika mkono. Alikuwa ameyasikia yote, na neno moja katikati yake, lile la mkwe wangu, alitaka kulisikiliza peke yake kidogo.